Kona ya Muvi, maswali yenu: walikufa dakika tano, wakarudi wanadaiwa

Toleo lililopita niliigusia Flatliners, ile muvi ya mwaka 1990, mistari michache tu pembeni ya ukurasa, na sikutegemea kabisa mtanijazia meseji namna hii. Basi leo kona yote ni yake, za series za Kikorea zitasubiri toleo lijalo. Ila nisilaumiwe, humu nimesimulia mpaka mwisho, kama hujaiona na hutaki kuharibiwa utamu ruka kurasa uende kwenye mapishi.

SWALI: Anko shikamoo. Wengine hatujaiona na bando lenyewe la kuungaunga, hebu tupe stori kwanza tujue kama inafaa kuishusha. (Wa Bando la Wiki, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Iko hivi, kuna wanafunzi watano wa udaktari pale Chicago. Kinara wao ni Nelson, kaigiza Kiefer Sutherland, kijana ana kiburi huyo sijawahi kuona, na ana wazo lake: wenzake wamsimamishe moyo makusudi, akae "amekufa" dakika moja, halafu wamrudishe aje asimulie huko kukoje. Wanafanyia usiku kwenye jengo la chuo ambalo liko kwenye ukarabati, vifaa wamevitoa kimyakimya, dawa za nusu kaputi, gesi, blanketi la kupoza mwili, mashine ya kushtua moyo. Anakufa, anarudi, anajiona mshindi. Basi wenzake nao wanataka, na hapo inageuka mnada kabisa, huyu anasema mimi dakika na nusu, yule anasema mimi mbili, wanapandishiana dakika za kufa huku wanabishana nani aende kwanza. Kwangu mimi ile sehemu inatisha kuliko mizimu yote inayokuja baadaye, maana hawa ni watu wenye akili zao timamu na kesho yake wana mitihani.

Anaenda Joe (William Baldwin), anaenda Labraccio (Kevin Bacon), anaenda Rachel (Julia Roberts). Wa tano ni Steckle, kaigiza Oliver Platt, yeye haendi hata sekunde moja, kazi yake kutembea na kinasa sauti anajirekodi maneno makubwa makubwa ya kitabu atakachokuja kuandika, na kiukweli mimi niko upande wake.

Shida inaanza wakisharudi, kila mmoja kaja na kitu chake. Nelson anaandamwa na mtoto wa kiume mwenye sweta jekundu la kofia, anampiga mpaka damu zinatoka. Labraccio yuko zake kwenye treni anakaona katoto ka kike kanamporomoshea matusi, na ni yale yale aliyokuwa anakatukana yeye walipokuwa shule. Joe kila TV anayoitazama inamwonyesha wanawake aliowarekodi kitandani kwa siri, wanamrudishia maneno yale yale aliyokuwa anawalaghai nayo. Rachel anamwona baba yake, aliyejiua yeye akiwa mtoto mdogo. Yaani walienda kuchungulia akhera wakakutana na mafaili yao wenyewe.

Ishushe tu, haitakupotezea bando.

SWALI: Mimi nesi. Mstari umelala kabisa kwenye monita halafu wanampiga mtu shoti anaamka? Tulicheka wodini mpaka sista inchaji akatufukuza. Waambie watu ukweli jamani. (Zamu ya Usiku, Dodoma)

JIBU: Dada umenisaidia, maana hili ndio kosa kubwa la kidaktari la muvi nzima, na jina lenyewe la muvi limebebwa na huo mstari uliolala, kwa Kiingereza flatline. Ile mashine haiwashi moyo uliozima. Kazi yake ni kwa moyo ambao bado una umeme ila umeme wenyewe umechanganyikiwa, moyo unatetemeka tetemeka bila kusukuma damu, sasa shoti inakuja kuufuta ule mtafaruku ili mapigo ya kawaida yapate nafasi ya kujipanga upya. Mstari ukishalala hakuna cha kupanga. Hapo ni kubonyeza kifua, kumpa hewa, kumchoma adrenalini, na kutafuta kwa haraka nini kimesababisha, na hata hivyo wanaorudi ni wachache.

Halafu kuna ishu ya muda. Moyo ukisimama mtu anapoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hadi 20 hivi, na ubongo unaanza kuumia kwenye dakika ya nne, ya tano. Rachel anakaa huko kama dakika tano na kesho yake anaonekana darasani nywele zimekaa vizuri. Kitu pekee walichopatia kidogo ni lile blanketi la baridi. Baridi kali kweli inaweza kuulinda ubongo. Kuna daktari Msweden anaitwa Anna Bågenholm, mwaka 1999 alianguka akiwa anateleza kwenye theluji huko Norway akanasa chini ya barafu ya mto, alikaa mle dakika 80, joto la mwili likashuka mpaka 13.7, moyo umesimama, wakamtoa wakamhangaikia masaa na masaa, na akapona, akarudi kazini hospitali. Ila ile ni ajali, na nyuma yake kulikuwa na hospitali nzima ya watu na mitambo, haikuwa wanafunzi watano na pombe kidogo. Msijaribu, na nasema hivi kwa sababu kuna mdogo wetu mmoja kaniuliza dozi, huyo sijamjibu na sitamjibu.

SWALI: Habari ya kazi. Marehemu bibi yangu alizimia siku mbili akarudi akasema alikuwa bustanini na watu wamevaa nguo nyeupe. Je sayansi inasemaje, ni kweli watu wanaona? (Mjukuu, Tanga)

JIBU: Kwamba wanaona hilo halina ubishi tena, ubishi uko kwenye wanachokiona ni nini. Daktari Mmarekani Raymond Moody ndiye aliyezipa umaarufu simulizi hizi kwa kitabu chake cha 1975, handaki, mwanga, ndugu waliotangulia, maisha yako yote kupita mbele ya macho. Muvi nayo imechukua humo humo, ndio maana mwanzoni unamwona Rachel anazunguka wodini na kuwahoji wagonjwa waliokaribia kufa. Baadaye wakaja watafiti wa kuhesabu. Mwaka 2001 Pim van Lommel na wenzake wa Uholanzi walichapisha habari za wagonjwa 344 waliorudishwa baada ya moyo kusimama, na 62 kati yao, kama asilimia 18, walikuwa na kitu cha kusimulia. Waliobaki hawakumbuki chochote, ni giza tu au hata giza hakuna. Mwaka 2013 Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan, wakapima ubongo wa panya wanaokufa wakakuta kwenye zile sekunde 30 za kwanza baada ya moyo kusimama ubongo unawaka kwa nguvu kuliko ulivyokuwa mzima, na mwaka 2023 timu hiyo hiyo ikaangalia wagonjwa wanne waliokuwa wanakata roho wakaona kitu kinachofanana na hicho kwa wawili.

Sasa hilo halikwambii bibi alikuwa wapi. Linakwambia kwamba ubongo hauzimi kama taa, una purukushani yake ya mwisho. Bustani ya bibi mwachie mwenyewe.

SWALI: Assalaam alaykum. Ustadh wetu anasema muvi za namna hii zinachezea mambo ya ghaibu na hazifai kuangaliwa. Mimi nimeiona na nimeipenda, nimekosa? (Wa Makadara, Mombasa)

JIBU: Waalaykum salaam. Fatwa siwezi kukupa ndugu yangu, hiyo mrudie ustadh. Ila kama mtu wa muvi naweza kukwambia kilichomo, na kilichomo cha akhera ni kidogo mno. Hakuna malaika, hakuna moto, hakuna swali la kaburini. Mtu akifa mle ndani anarudishwa kwenye uwanja aliochezea utotoni, kwenye chumba cha nyumbani kwao, chini ya mti fulani. Huyo Labraccio haamini hata kama Mungu yupo, anakwenda ili athibitishe hakuna kitu, na ndiye wa kwanza kuelewa anachodaiwa.

Na hapa ndipo muvi ya watu wa Chicago inapogongana na kitu ambacho sisi tumekisikia tangu madrasa, haki ya mja. Kwamba ya Mungu unaweza kutubia ukiwa peke yako chumbani, ila ya mwenzako lazima mwenyewe akusamehe. Kuna ile hadithi ya mtu aliyefilisika, anakuja siku ya kiama na swala zake na funga zake zimejaa, ila huyu alimtukana, yule alimpiga, wa tatu alimla mali yake, basi wanagawiwa mema yake mmoja mmoja mpaka yanaisha. Wakristo nao wanalo kwenye Mathayo 5, kwamba ukifika madhabahuni na sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache pale pale uende ukapatane naye kwanza. Na kwenye mazishi yetu huwa anasimama mtu mzima wa familia anatangaza, jamani mwenye kumdai marehemu ajitokeze, au amsamehe. Siku zote nasikia pale watu wanafikiria hela tu. Hakuna anayenyoosha mkono kusema mimi alinidhalilisha mbele ya darasa mwaka fulani.

Kwa kipimo hicho sasa, na hapa ndipo ninapogombana na hii muvi, mwisho wake ni wa bei rahisi. Nelson alipokuwa mtoto yeye na wenzake walimkimbiza Billy Mahoney, yule yule wa sweta jekundu, mpaka akapanda juu ya mti, wakamrushia mawe, tawi likavunjika, mtoto akaanguka akafa. Kitoto kabisa, kama miaka tisa. Mwisho wa muvi Nelson anajiua tena peke yake, anakwenda kule, safari hii yeye ndiye aliye juu ya mti na Billy ndiye mwenye mawe, anaanguka, Billy anaridhika, wenzake wanamrudisha, muziki unapanda. Sawa, inagusa. Lakini Billy si alikuwa na mama? Muvi nzima hatujamwona hata mtu mmoja wa familia ya Billy akiulizwa chochote. Nelson kapata msamaha kutoka kwenye ndoto yake mwenyewe akajipa alama za kufaulu. Ustadh wako angeuliza hilo nadhani angekuwa na hoja kubwa kuliko ya ghaibu.

SWALI: Kaka hii muvi imenivuruga. Boding nilimwonea sana dogo mmoja, mimi na kundi langu, tulimpa jina baya shule nzima ikawa inamwita hilo, akahama kidato cha pili. Sasa hivi namwona Facebook ana duka la spea. Nimtafute au niache yaliyopita? (Sina Raha, Mwanza)

JIBU: Rudi uangalie Labraccio anapokwenda nyumbani kwa Winnie Hicks, yule katoto ka kwenye treni ambaye sasa ni mtu mzima, maana ile ndiyo scene bora ya muvi nzima na haina mzimu hata mmoja. Winnie sasa ni mama wa mtu, ana mume, ana binti mdogo. Labraccio anagonga mlango, anajitambulisha, na wewe mtazamaji unaona uso wa yule mama unavyojifunga. Mwanzoni anajifanya hakumbuki vizuri, yalikuwa ya kitoto bwana, yameisha. Mtu mwingine angeshukuru hapo hapo akageuza gari. Labraccio anabaki anasimamia lake, anasema nilikufanyia hivi, nilikosea, nimekuja kukuomba radhi, bila kuleta habari za eti na mimi nyumbani kulikuwa na shida. Na baadaye kabisa yule mama ndipo anaposema asante, sauti ndogo, na unajua kumbe alikuwa anakumbuka kila neno.

Wakati huo huo Nelson kaachwa nje kwenye gari, anapigwa na Billy vibaya sana, na Labraccio akirudi anamkuta mwenzake yuko peke yake ndani ya gari anajiumiza kwa mikono yake mwenyewe. Billy hayupo. Hakuwahi kuwepo.

Kwa hiyo mimi nasema mtafute, ila kwa adabu. Usimwandikie kwenye komenti watu wote wanasoma, hiyo ni kumdhalilisha mara ya pili. Mtumie inbox fupi, jitaje wewe ni nani, mwambie ungependa kumwona kama yuko tayari, halafu nyamaza. Lile jina baya usiliandike hata kwa kuliombea radhi. Usiende dukani ukanunua betri ya laki mbili ukadhani umelipa. Na asipojibu, au akikujibu matusi, ni haki yake hiyo, hakuombi wewe umuelewe. Sikuahidi kwamba utalala vizuri, nakwambia tu kwamba yule ana haki ya kusikia kutoka kwako kwamba hakuwa mjinga, ninyi ndio mlikuwa wabaya.

SWALI: Mbona Joe anapita hivi hivi? Karekodi wanawake wote wale bila idhini yao, adhabu yake eti kaachwa na mchumba? Nilikasirika nikazima. (Dada wa Kayole, Nairobi)

JIBU: Umezima mapema ila hukukosa kitu, maana mpaka mwisho hakuna anachofanya. Mchumba wake Anne anakuja kwake, anazikuta kanda, anaondoka, na muvi inaona basi hiyo imetosha. Wale wanawake hawana hata jina, wametumika mara mbili, kwanza na Joe halafu na waandishi wa muvi. Hata Rachel wamemgeuzia kibao, wenzake wote walikosea watu, yeye alikuwa mtoto mdogo aliyefungua mlango akamwona baba, askari aliyerudi kutoka Vietnam, anajidunga sindano, na yule baba akatoka akajiua. Rachel hadaiwi chochote! Kule anakokwenda ni baba ndiye anayemwomba yeye msamaha, na scene ni nzuri, nililengwa na machozi, lakini angalia hesabu yake: wanaume watatu wana makosa yao, mwanamke pekee kundini ana kidonda alichotiwa na mtu mwingine.

Ya Joe mwaka 1990 ilichukuliwa kama utundu wa kijana mtanashati. Leo hapo kwenu Kenya ile sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 ina kifungu cha 37 kinachoshughulika na kusambaza picha za faragha za watu. Joe alikuwa na kanda za video kabatini, hakusambaza, ila mpe simu na intaneti uone.

SWALI: Mambo anko, eti ni kweli Kiefer na Julia walikuwa wapenzi kweli kweli? (Mpenda Umbea, Arusha)

JIBU: Poa. Kweli, walichumbiana, harusi ikapangwa Juni 1991, ikavunjika siku chache tu kabla ya kufungwa, dunia nzima ikaandika. Turudi kazini.

SWALI: Kwa nini muvi yote ni giza na moshi, hata hospitali inafanana na kanisa la zamani? Umeme Chicago ulikuwa wa mgao? (Fundi Kamera, Iringa)

JIBU: Haha, mgao hapana. Ni makusudi, na ni kazi ya watu wawili. Mkurugenzi ni Joel Schumacher, aliyekuwa mbunifu wa mavazi kabla hajaanza kuongoza muvi, kwa hiyo kwake kitu kupendeza ni lazima hata kama kinatisha. Mpiga picha ni Jan de Bont, Mholanzi, ambaye baadaye alikuja kuongoza Speed ya 1994. Sehemu ya picha walipigia Chuo cha Loyola pale Chicago, majengo ya mawe na sanamu, na stori ikawekwa kipindi cha Halloween ili mitaani nako kuwe na vinyago na mioto. Wewe kama fundi angalia rangi: bluu ya baridi kule wanakomwulia mtu, halafu rangi za moto moto makosa ya zamani yanapokuja. Inazidi kidogo, nakubali. Kuna sehemu unajiuliza hawa wanafunzi wanasomaje kwenye kiza hiki.

Na sauti, vaa hedifoni. Ilipendekezwa Oscar kwa uhariri wa sauti, ikashindwa na The Hunt for Red October.

SWALI: Kuna Flatliners nyingine ya 2017, nianze na ipi? (Bila Jina, Kigoma)

JIBU: Ya 1990. Ile ya 2017 ina vifaa vya kisasa, ina Elliot Page na Diego Luna na Nina Dobrev, hata Kiefer Sutherland karudi kidogo ila ni mtu mwingine kabisa, profesa wa kuwafokea wanafunzi. Kosa lake ni kwamba imeamua mizimu iue watu kweli, na ikishafanya hivyo unabaki unaogopa mlango kufunguka tu, habari ya nani alimkosea nani inapotea. Ina jambo moja zuri, kosa la yule anayeanzisha mchezo: alikuwa anaendesha gari huku anachezea simu, mdogo wake akafa. Hilo linamhusu kila mtu anayesoma kona hii akiwa kwenye usukani. Weka simu chini.

SWALI: Mwanangu ana miaka 11 anapenda sana za kutisha, nimwekee? (Mama Wawili, Zanzibar)

JIBU: Hapana mama. Marekani kwenyewe waliipa alama ya R, yaani chini ya miaka 17 asiingie bila mtu mzima. Mizimu ataivumilia, tatizo ni sindano, baba anayejiua, na zile kanda za Joe ambazo utaanza kutafuta rimoti gizani. Subiri afike sekondari, na siku hiyo kaa naye.